Taa ya Njano Msamvu, Kitonga Inakusubiri

Kama una mkoko wa dizeli, au una mjomba mwenye nao na wewe ndiye dereva wa shughuli zote za ukoo, basi barabara ya Dar kwenda Iringa unaijua. Ni kilomita kama 500 hivi na kila kipande kina tabia yake. Kibaha ni foleni. Chalinze ni pa kuteremka kunyoosha miguu na kutafuta supu. Morogoro ni milima ya Uluguru na ule upepo wa Mji Kasoro Bahari. Mikumi ni wanyama, Ruaha Mbuyuni ni mibuyu na vitunguu. Halafu ndipo unakutana na baba lao, Kitonga.

Kitonga hakuna utani. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde. Malori ya kwenda Zambia yanapanda kwa mwendo wa kinyonga, na wewe nyuma yao gia ya pili, injini inaunguruma, joto linapanda. Gari lenye kasoro iliyojificha linajisema lenyewe pale. Ndiyo maana madereva wazoefu wa njia hii wanakwambia ugonjwa wa gari utibiwe Moro, usiupeleke mlimani.

Sasa nikupe kisa.

Jumamosi moja nilikabidhiwa abiria watatu wazito: Baba Mdogo, Shangazi na mshenga. Tulikuwa tunapeleka mahari ya kaka yangu. Gari ni la mjomba, la dizeli, la Kijapani, la zamani kidogo lakini analipenda kuliko anavyotupenda sisi wapwa zake. Wakwe walishasema saa 10 jioni tuwe tumeketi, na salamu zilifika mapema kwamba mgeni mchelewaji ana faini ya mbuzi. Tukaondoka Bongo saa 11 alfajiri, shwari kabisa.

Tulipofika Mikese, kabla ya kuingia Morogoro, taa moja ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Ikazima. Tukapita tuta, ikawaka tena.

"Hiyo nini?" Baba Mdogo akauliza.

"Taa ya oili, Baba."

Gari zima kimya. Shangazi akashika mkoba wa mahari kwa mikono miwili, kama vile taa ingemnyang'anya.

NYEKUNDU NA NJANO

Hapa msomaji wangu nitulie kidogo, maana wengi wanazichanganya taa hizi mbili. Ile nyekundu yenye kikopo cha oili chenye mdomo mrefu, mfano wa birika, ni ya presha. Maana yake oili haisukumwi inavyotakiwa kwenda kwenye vyuma vinavyosuguana. Ikiwaka unatembea, hakuna mjadala: egesha pembeni, zima injini. Ukisema "ngoja nifike pale mbele", utafika kwa kuvutwa.

Ile ya njano, mara nyingi kikopo hichohicho chenye mawimbi chini yake, ni ya kiwango. Inasema oili iliyomo kwenye sampu, lile beseni la chini ya injini, imepungua. Au inadai imepungua. Si magari yote yanayo. Lililo nayo lina sensa ndani ya sampu, na sensa ni kifaa kama vifaa vingine: inaweza kusema kweli, na inaweza kusingizia.

Nikatafuta mahali tambarare kabisa, nikazima injini, tukangoja dakika 10 ili oili yote ishuke chini. Ukipima kwenye mteremko kijiti kitakudanganya, na ukipima palepale baada ya kuzima utakuta kiwango cha chini kuliko ukweli, maana oili nyingine bado iko juu. Nikachomoa dipstiki, nikaifuta, nikairudisha hadi mwisho, nikachomoa tena. Oili ilikuwa karibu kabisa na alama ya juu.

Ilikuwa nyeusi tii, lakini hiyo isikutishe. Oili ya dizeli huwa nyeusi mapema kwa sababu ya masizi. Cha kutisha ni ikizidi alama ya juu na ikanuka dizeli. Hapo ujue mafuta yanavuja kutoka kwenye pampu au nozeli na kuingia kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi kama maji, na ikizidi sana injini ya dizeli inaweza kuanza kuinywa na kujiendesha yenyewe hata ukizima swichi. Hii yetu haikuzidi wala haikunuka. Chini ya gari hapakuwa na tone.

Basi tukaingia Morogoro taratibu, saa 3 asubuhi. Kutoka pale hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, vijiji vingi vina vibao vya 50 na matrafiki hawalali. Kwa hesabu yangu tulikuwa na saa moja tu ya kuchezea.

WAJUAJI WA MSAMVU

Ukitaka kujua Tanzania ina wataalamu wangapi wa magari, fungua boneti pale Msamvu. Barabara ya Dodoma na ya Iringa zinaachana hapo, stendi kuu iko hapo, wauza maji, wauza korosho, wapiga debe, wote wako hapo. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria Dar hadi Moro mwaka 2024, kuna waliodhani Msamvu itapoa. Wapi! Boneti yangu haijakaa sawasawa juu, watu sita wamekwishainama.

Wa kwanza: "Bosi, ongeza lita moja tu, itazima." Nikamwonyesha kijiti kimejaa. "Ongeza tu." Jamani! Umbali kati ya alama ya chini na ya juu mara nyingi ni kama lita moja. Ukiongeza lita kwenye injini iliyojaa, shafti kuu inaanza kuichapa oili mpaka inatoa povu, na povu halilainishi chuma. Sili nazo zinaanza kuvuja. Unatibu taa, unaua injini.

Wa pili, fundi maiko kamili na bisibisi sikioni: "Kata waya wa sensa, safari iendelee. Elfu tano yangu."

Wa tatu akasema sensa imekufa, anayo nyingine dukani, laki mbili, na ya kumwaga oili tutazungumza.

Kaka naye kutoka Dar anapiga simu kila nusu saa. "Mmefika wapi? Mbona Baba Mdogo hapokei?" Mshenga, mzee wa watu, akasema kwa upole: "Kijana, kama oili ipo si twende?"

Lilikuwa neno la haki, na nililifikiria. Oili ipo, kijiti kimeona. Lakini mbele yetu kulikuwa na Mikumi, ambako hutakiwi kushuka garini hovyo kupima kijiti na simba wanakuchungulia, halafu Kitonga. Oili ikianza kuvuja kweli kule, taa ambayo tayari inawaka itanionyeshaje? Taa inayosema uongo inakunyima ukweli siku ukija.

MZEE WA CHINI YA MWEMBE

Mama mmoja muuza chai ndiye aliyetuokoa. "Wanangu, nendeni kwa mzee wa umeme, pale kwenye mwembe." Hana bango, ana benchi, betri kuukuu na mita yenye waya mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Inawaka lini?"

Nikapenda swali. Hakuuliza gari la mwaka gani wala nina shilingi ngapi.

"Kwenye matuta, mzee. Ikazima, ikawaka. Sasa haizimi."

"Kwenye kona je? Ukifunga breki?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa. Oili ikiwa pungufu kweli, akasema, taa huanza kuchokoza kwenye kona, kwenye breki na kwenye mlima, kwa sababu oili inakimbilia upande mmoja na kuiacha sensa mtupu. Inayochokoza kwenye matuta tu, mshuku waya kwanza. "Ni dalili hiyo, si hukumu." Akaomba kijiti, akapima mwenyewe ingawa nilishamwambia. Ndipo akalala chini ya gari.

Sensa ya gari lile ni ya kizamani, ya boya. Boya dogo lenye sumaku linaelea juu ya oili. Oili ikitosha, linafunga swichi iliyo ndani na taa inazima. Oili ikipungua, boya linashuka, swichi inaachia, taa inawaka. Waya ni mbili, mmoja unakwenda kwenye dashibodi, mwingine kwenye bodi, yaani ethi.

Umeona msomaji wangu? Yule wa "kata waya" angekata, taa ingewaka mpaka siku ya kiama! Katika gari lile waya uliokatika na oili iliyopungua ni lugha moja. Na angeziunga zile waya mbili pamoja ili izime, isingewaka tena hata sampu ikauke.

Mzee akachomoa soketi ya sensa. Akachukua kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili ya ile soketi, upande wa gari. "Washa swichi, usipige stata. Taa inasemaje?"

"Inawaka, mzee."

"Basi sensa haina kesi bado. Ingekuwa mbovu yenyewe, hapa taa ingezima."

Akaweka mita kwenye sensa: ikalia, boya liko juu. Sensa nzima. Akapima waya wa ethi: mzima. Akapima ule wa kwenda dashibodi: kimya. Akautikisa. Mita ikalia, ikanyamaza, ikalia. Shubiri moja juu ya soketi, pale waya unapopita kwenye pembe ya chuma, ganda lilikuwa limesuguliwa na shaba ya ndani imeota kutu ya kijani. Nyuzi chache tu ndizo zilikuwa zinashikana, na kila tuta liliziachanisha.

Laki mbili ya sensa mpya ikayeyuka palepale.

Akakata kipande kilichooza, akaunga kipya kwa lehemu, akavika mpira, akazungusha tepu, akaufunga waya mbali na ile pembe na mbali na ekzosi. Oili hatukumwaga hata tone. Halafu akafanya jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi. Akachomoa soketi makusudi: taa ikawaka. Akarudisha: ikazima. Akachomoa tena: ikawaka.

"Taa isiyowaka nayo ni ugonjwa," akasema huku anafuta mikono. "Mimi sikuizima. Nimeifundisha kusema kweli."

Akataka elfu 15. Shangazi, ambaye hajawahi kununua nyanya bila kupunguziwa, akatoa bila neno.

Nilimuuliza kama dawa hii inafaa kwa magari yote. Akacheka. Magari mengi ya siku hizi yana sensa za elektroniki, nyingi za waya tatu, nyingine zinapima kwa joto au kwa mawimbi ya sauti na kupeleka taarifa kwenye kompyuta ya gari. Hizo usiunganishe matundu na waya kienyeji, utaunguza vitu vya pesa nyingi. Dawa yake ni mashine ya kusoma makosa, mita, na mtu anayejua waya upi unabeba nini. Zipo hata gari ambazo hazina dipstiki kabisa, kila kitu unasoma kwenye kioo. Mwenye hilo, sensa yake ndiyo jicho lake la pekee, ailee kama mboni.

KITONGA

Tukaondoka Moro saa 4 asubuhi. Mikumi tukapishana na twiga na matuta kibao, kila tuta macho manne kwenye dashibodi. Kimya. Ruaha Mbuyuni nikasimama pa tambarare, nikangoja, nikapima kijiti: palepale tulipokuwa asubuhi. Shangazi akatumia nafasi hiyo kununua vitunguu vya kupeleka ukweni.

Kitonga tukakuta malori matatu mbele yetu, pua juu, mkia chini. Oili yote inasukumwa nyuma ya sampu kwenye mlima ule. Kama ingekuwa pungufu, ndipo taa ingesema, na safari hii ningeiamini. Haikusema. Baba Mdogo, aliyekuwa kimya tangu Doma, akaanza kuimba.

Ukweni tuliketi saa 10 kasoro dakika 20. Mbuzi wa faini akapona. Kaka akapiga simu mara ya mwisho, na safari hii Baba Mdogo akapokea.

Na wewe unayepanga kupanda kule Desemba hii na gari la watu, kagua kijiti kabla hujatoka nyumbani, ukiwa tambarare, injini imepoa. Ukiwasha swichi asubuhi, tazama taa za dashibodi: zile za onyo nyingi huwaka kidogo kujipima kisha zikazima. Ambayo haiwaki kabisa, ulizia. Kuna mtu aliyekuwa na gari hilo kabla yako, na huenda alikutana na yule wa elfu tano.

Wiki ijayo, tukijaaliwa, nakurudisha Ruaha Mbuyuni tukaone vitunguu vinavyomliza mtu kabla hajavikata.