Sahani za Mirathi Katika Vichochoro vya Mji Mkongwe

Msomaji, ukishuka botini hapo Malindi, Unguja, usiwe na haraka ya kutafuta hoteli. Fuata barabara ya Mizingani kandokando ya bahari hadi Forodhani, kisha uzunguke nyuma ya Ngome Kongwe, nawe utajikuta katika mtaa wa Gizenga. Humo, baina ya vinyago na kanga za kuuziwa watalii, utaona sahani zimesimamishwa rafuni: nyeupe zenye maua mekundu na majani ya kijani, mabakuli ya buluu, mabuli yaliyopoteza vifuniko. Mwenye duka atakuambia kuwa hivyo ni vitu vya kale. Hatakuambia vilitoka katika nyumba ya nani.

Nyumba kongwe za mwambao wetu, hususan zile za Lamu na Pate, zilikuwa na zidaka, yaani vishubaka vilivyojengwa ukutani na kunakshiwa kwa chokaa. Ndani yake zilipangwa sahani za sini. Aghalabu hizo hazikuwa za kulia, kwani wali uliliwa kwa pamoja katika sinia moja. Sahani ya kidaka ilikuwa ya kutazamwa, ili mgeni ajue kuwa mwenye nyumba ana watu ng'ambo na biashara yake inakwenda. Ndiyo maana anayetafuta seti kamili ya mezani, ya watu kumi na wawili pamoja na bakuli lake la mchuzi, mara nyingi huikosa. Hukuta sahani zilizoingia nyumbani mojamoja, kila safari na sahani yake.

Tena si zote zilizo za sini. Neno hilo tumezoea kulitumia kwa kila chombo kinachong'aa. Lakini sini halisi, ikiwa nyembamba, ukiiinua mbele ya taa mwanga hupenya, na ukiigonga kwa ukucha hulia kama kengele. Nyingi ya zile zenye maua ni za udongo uliochomwa na kupakwa rangi katika viwanda vya Ulaya katika karne ya 19, wakati karafuu na pembe za ndovu zilipovuta Unguja merikebu za mataifa mengi. Igeuze sahani uitazame kitako. Ukikuta jina Maastricht pamoja na picha ya kiumbe mwenye kichwa cha mtu na kiwiliwili cha simba, imetoka Uholanzi, katika kiwanda alichokianzisha Petrus Regout mwaka 1836. Ukikuta limeandikwa jina la nchi, kama England, yaelekea haikutangulia mwaka 1891, ambapo Marekani ilianza kudai kwamba kila bidhaa iingiayo kwake ioneshe ilikotengenezwa. Na ukikuta Nippon, hiyo ni ya Japani, nayo kwa kawaida ni ya kabla ya mwaka 1921.

Elimu hii ya vitako si ya mabwanyenye peke yao. Katika nyumba moja ya Kiponda nilikaribishwa siku ambapo ndugu watatu, wanaume wawili na dada yao, walikuwa wakigawana mirathi ya mama yao mjane. Kwa sheria ya dini mafungu yalikuwa matano: mawili kwa kila mwanamume na moja kwa mwanamke. Vyombo vilikuwa kumi na vitano. Sita, sita, vitatu. Hesabu ilionekana nyepesi mno. Lakini je, nani achukue vipi? Wakaona heri viuzwe, wagawane fedha. Akaitwa dalali.

Dalali alikaa mkekani, akavipitia vyote kwa muda mfupi, akataja bei moja ya jumla.

"Vimechakaa, bibi," alimwambia dada. "Nachukua vyote kwa pamoja, nikuondoleeni taabu."

Kaka mkubwa alikuwa tayari kupokea. Ana kodi ya nyumba na watoto wa shule, wala mimi simlaumu. Wengi wanaohubiri juu ya urithi wa wazee hufanya hivyo wakiwa wameshiba. Dada yake, hata hivyo, alikuwa akiutazama mkono wa dalali. Mara tatu ulirudi kwenye bakuli moja la buluu.

"Kaka, hilo bakuli tuliweke kando kwanza," alisema. "Akitaka, anunue yaliyobaki."

Dalali hakushuka bei. Alipanda, na kupanda kwenyewe kulikuwa kwa masharti kwamba bakuli liwemo. Hapo kila mtu aliyekuwamo chumbani alifahamu. Siku ile hakuna kilichouzwa.

Dada aliomba jambo moja tu, nalo likakubaliwa: sahani nyeupe isiyo na ua wala alama, ambayo dalali alikuwa ameisukuma pembeni kwa kidole, ihesabiwe katika fungu lake. Juu ya sahani ile ndipo zilipokuwa zikiandikwa aya kwa zaafarani, zikaoshwa kwa maji ya marashi, na mgonjwa wa nyumba akanyweshwa kombe.

Nawe msomaji, ikiwa umeachiwa vyombo kama hivi, waoneshe watu wawili au watatu kabla ya kupatana bei, na uvitaje kimojakimoja. Kama mnunuzi ni msafiri, pita kwanza kwenye idara ya mambo ya kale. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kutoa nchini vitu vya kale bila kibali, na Zanzibar inayo idara yake yenyewe.

Msomaji wa Dar es Salaam asiye na nauli ya boti anaweza kuyaona haya bila kuvuka bahari. Kunduchi, kaskazini ya jiji, yako magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo, ya karne ya 18. Waashi walipachika mabakuli ya Kichina katika nguzo hizo, kwa heshima ya waliolala chini yake. Mabakuli kadhaa yamekwisha kung'olewa. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, na usogee karibu: utaona mashimo ya mviringo kwenye chokaa, yenye upana wa bakuli.