Ua la Manjano Ukingoni mwa Kivuli: Kutoka Gitega Hadi Muyinga

Mtu atokaye Gitega kwenda Muyinga kwa njia ya Karuzi hupita katika nchi ya vilima visivyokwisha. Kilima hiki kina migomba, kile kina kahawa, cha tatu kina mikalitusi, na huko mabondeni maharage na viazi vimepandwa hadi ukingoni mwa maji. Ni vigumu kuona mahali palipoachwa bure. Burundi ni mojawapo ya nchi za Afrika zenye watu wengi zaidi kwa kila kilometa ya mraba, na familia nyingi huishi kwa shamba lisilofika hata hekta moja. Kwa hiyo mgeni aulizaye habari za maua katika nchi hii hana budi kuuliza kwa adabu, maana kila shubiri ya ardhi ina deni la kulipa jikoni.

Hata hivyo, mwenye kutazama vizuri hulikuta ua moja lisilogombea nafasi na chakula. Hulikuta pale barabara ilipokata kilima, katika nyua za minyaa zizungukazo nyumba, na hasa kwenye kingo za vichaka, mahali ambapo jua na kivuli hukutana. Ni mmea mwembamba utambaao na kuparamia, wenye majani ya umbo la kichwa cha mshale, na maua ya manjano yaliyokolea hata pengine yakakaribia rangi ya chungwa. Kila ua lina petali tano na jicho jeusi katikati. Jicho hilo kwa kweli ni koo la ua, nalo ni la zambarau nzito kiasi cha kuonekana jeusi. Wataalamu wa mimea huuita mmea huu Thunbergia alata. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake ‘wenye mbawa’, kwa sababu ya vibawa vyembamba vilivyo kandokando ya kikonyo cha jani.

Jina hilo lilichapishwa Uingereza mwaka 1825, kutokana na kazi ya Wenceslas Bojer, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Bohemia, aliyezuru Zanzibar na Mombasa mwaka 1824. Tangu siku hizo mmea umeenea katika bustani za dunia nzima. Huko Ulaya wenye bustani huupanda upya kila mwaka, kwa kuwa jalidi huuua majira ya baridi yafikapo. Huku kwetu huishi miaka mingi, ukikatwa ukachipua tena. Wenzetu wa mbali hununua mbegu zake katika pakiti zenye picha, nasi twaufyeka kando ya barabara pamoja na magugu!

Tangu mwaka 2019 Gitega ni makao makuu ya kisiasa ya Burundi, na nyumba zimeongezeka. Nyumba ikijengwa, aghalabu mti mmoja huachwa au hupandwa uani: mparachichi, mwembe, mgrevilea, au ule Warundi wauitao umusave, ambao nao huchanua manjano. Baada ya miaka michache mti hutoa kivuli, na chini yake maharage hukataa kuzaa. Mama wa nyumba hupafagia, pakawa peupe kama sakafu. Mvua kubwa ikija, hasa kwenye mteremko, udongo ule mtupu huondoka na maji hadi mtaroni, na mizizi ya mti hubaki nje kama mishipa ya mkono wa mzee. Hapo ndipo mmea wetu unapofaa.

Lakini yafaa ieleweke kwamba kivuli kina daraja zake. Chini kabisa ya mparachichi mnene, mmea huu utatoa majani mengi na maua machache, au usitoe ua kabisa. Chini ya mikalitusi usijisumbue, kwa maana mizizi yake hunywa maji yote. Mahali pake hasa ni pale matawi ya mti yanapokomea, penye jua la asubuhi na kivuli cha adhuhuri. Na chini ya umusave au mgrevilea, ambao majani yake hupitisha mwanga, hustawi bila taabu.

Mbegu haziuzwi, zipo njiani. Tunda lake ni dogo na la mviringo, lenye mdomo uliochongoka kama kichwa cha ndege. Likikauka hupasuka ghafla na kurusha mbegu mbali, hivyo hapana budi kulichuma linapoanza kugeuka kahawia na kulikaushia ndani ya bahasha iliyofungwa. Loweka mbegu usiku mmoja, kisha zifukie kiasi cha sentimeta moja katika udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Wakati mwema ni mwanzo wa mvua za Agatasi, mwezi wa Septemba au Oktoba. Baada ya wiki mbili au tatu zitaota. Asiye na subira na achukue kipande cha shina lililogusa ardhi, kwa kuwa vifundo vyake hutoa mizizi. Katika kiangazi, tangu Juni hadi Agosti, funika shina kwa majani makavu ya mgomba, na maji yaliyooshea mboga yatatosha kuunywesha.

Akina mama wengi huogopa kwamba mmea utambaao huficha nyoka. Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Upandishe mmea juu ya uzio au kamba, na kiasi cha kiganja na nusu kutoka ardhini upunguze majani ili pawe peupe. Wala usiuache karibu na mibuni michanga au miche ya miti, maana utaiparamia na kuisonga. Kule Hawaii na mashariki ya Australia, ambako si kwao, umekuwa gugu la kupigwa vita.

Huko Muyinga, mji ambao tangu mabadiliko ya mikoa ya mwaka 2025 umo katika mkoa wa Buhumuza, niliona uzio mmoja wa nyumba ya serikali umefunikwa kwa maua haya toka pembe hadi pembe. Mwenye nyumba alikuwa mke wa askari polisi, na kituo hicho kilikuwa cha tatu tangu aolewe. Watu wa kazi hiyo wajua: barua ya uhamisho haingoji mavuno. Wengi kwa sababu hiyo hawapandi kitu kisichozaa katika miezi mitatu. Nikamwuliza, “Amahoro, mama. Mkihamishwa kesho, nani atayatunza haya?”

Akacheka. “Atakayekuja, baba. Mimi niliukuta mparachichi huu umeshazaa, wala sikumjua aliyeupanda.”

Kisha akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki iliyoandikwa kwa kalamu majina ya vituo viwili. Mbegu za kwanza alizichuma Gitega, kwenye ukingo wa kichaka nyuma ya nyumba waliyokuwa wakikaa. Za pili zilitoka katika uzio ule ule wa Muyinga. Alizitenga, kwani alidai kuwa za Gitega hutoa ua lenye manjano mepesi zaidi, na alitaka kuona kama rangi itabaki hivyo mvua zijazo. Jambo hilo lawezekana, maana mmea huu una maua ya rangi mbalimbali, hata meupe. Alinipa mbegu kumi na mbili, sita za kila upande, akanisihi nisizichanganye.