Saa Kumi Jioni Nanukia Karanga

Nilikuwa na miaka 14 mtoto mmoja darasani aliponiambia nanuka chakula. Alisema kwa Kifaransa, lakini wengi wenu mnayajua maneno hayo, si ndiyo? Koti langu lilikuwa linatundikwa kwenye korido, mlango wa jikoni, na kila Jumamosi Mama alikaanga karanga, akazitwanga, akazitia kwenye sombe. Jumatatu koti lilikwenda shule na habari zote za nyumbani.

Toka siku hiyo nikawa nalificha koti chini ya kitanda, na kujipulizia marashi ya bei rahisi mpaka watu kwenye tramu wanapiga chafya. Kwangu hayakuwa urembo. Yalikuwa ukuta.

Sasa nina miaka 34 na mshahara wangu, na mwezi jana nilijinunulia chupa ya maana. Muuzaji alinipulizia kwenye kipande cha karatasi: peasi, pichi, utamu mtupu. Nikalipa. Lakini jamani, karatasi haina joto wala mafuta. Ngozi ina vyote viwili, na ngozi ndiyo inayoamua.

Saa mbili asubuhi nateremka kutoka Barrière kwenda Parvis, nanukia peasi. Molekuli zake ni nyepesi, zinaruka haraka. Baada ya nusu saa hivi, kwaheri. Pichi inakaa zaidi, hiyo ni kazi ya laktoni, na si uchawi wa juzi: Guerlain waliitumia kwenye Mitsouko mwaka 1919. Mchana hata pichi inachoka. Kinachobaki ni vile vizito: vanila, mbegu za tonka zenye harufu kama ya lozi, na ile harufu ya njugu zilizopita motoni.

Saa kumi jioni, katikati ya mkutano, nainua mkono kujikuna pua. Jiko la Mama. Lenyewe kabisa.

Yaani nimelipa pesa nyingi kununua harufu niliyoificha miaka yote.

Jumapili nikaenda kumwona Mama. Alinishika mkono kunisalimia, akauvuta puani.

“Eh! Unanukia karanga. Ulipika bila kuniita?”

Kunukia, alisema. Si kunuka. Kifaransa kina neno moja kwa yote mawili, *sentir*, na mimi kwa miaka 20 nilibeba lile moja tu. Kwa herufi moja Mama alinirudishia la pili.

Basi nikamweleza yote, mtoto wa shule, koti, kitanda. Alinyamaza muda mrefu, anapangusa meza ambayo ilikuwa safi tayari.

“Mi nilifikiri ulikuwa unaogopa wezi,” akasema. Halafu, polepole: “Ungeniambia, mwanangu. Ningefungua dirisha.”

Hilo ndilo lililoniliza. Hakukasirika. Angefungua dirisha, na baridi yote ya Januari ingeingia, kwa ajili yangu.

Kabla sijatoka alinipa ushauri: jipake mafuta kwanza, ndipo marashi, ngozi kavu inayamaliza upesi. Akanipa na kopo la karanga za kukaanga.

Koti langu sasa linatundikwa jikoni. Na ninyi, nyumbani kwenu mlificha harufu gani?