Mbwa asiyebweka

Wengi wenu mnamjua yule mbwa mdogo wa pori letu: masikio wima, mkia umejikunja mgongoni, uso wenye mikunjo kama mzee anayewaza. Wazungu walimpeleka Uingereza miaka ya 1930, wakamwita Basenji. Kule ananunuliwa kwa pesa nyingi. Huku tunasema ni mbwa wa bure, eti habweki.

Kweli habweki kama wengine. Sauti yake ni kama ya kuimba. Ndiyo maana wawindaji wa Ituri humfunga kengele ya mti, wajue alipo. Lakini ananguruma, na watoto wakisikia hivyo wamwache, hasa akiwa anakula. Anajilamba kama paka, hanuki. Jike hupata joto mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo hatawajazia watoto wa mbwa nyumbani.

Shida ni macho yake. Akiona kuku anakimbia, hasikii tena jina lake, na piki hazimngojei. Kwetu anatoka kwa kamba, anakimbia ndani ya lupango tu.

Halafu chanjo ya kichaa cha mbwa, kila mwaka. Hii mimi sibishani na mtu. Mbwa yeyote akimuma mtoto, hata kidonda kidogo, osheni kwa maji na sabuni dakika 15, mwende kituo cha afya siku ileile. Msingoje dalili, zikitokea, dawa haisaidii tena.