Mnukio wa Mchele wa Kyela: Upekuzi Kamili au Ioni Teule?

Katika Kiswahili, kitenzi nuka kikinyambuliwa kuwa nukia hubadili hukumu nzima: kinachonuka huchukiza, kinachonukia huvutia. Mchele wa Kyela hunukia, na sifa hiyo ndiyo inayoupa bei katika masoko ya Mbeya na Dar es Salaam. Ndiyo pia inayofanya neno Kyela liandikwe kwenye magunia ambayo hayajapata kufika katika tambarare ile ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kati ya Mto Songwe na Milima ya Livingstone. Jina likiuzwa na asiyelima huko, anayepoteza ni mkulima wa Ipinda. Kwa hiyo swali linalopelekwa maabara ni la kisemantiki kabla ya kuwa la kikemia. Neno Kyela juu ya gunia linadai mnukio, au linadai mahali?

Kuhusu mnukio, kemia ina jibu. Mwaka 1982 Buttery, Ling na Juliano walionyesha kuwa kiini cha harufu ya wali unaonukia ni kampaundi iitwayo 2-asetili-1-pirolini, ambayo molekuli yake ina tungamo la 111. Kiasi chake ni kidogo mno. Katika mchele walioupima, kilikuwa kati ya chini ya sehemu 6 na sehemu 90 hivi katika bilioni. Pua ya binadamu huihisi ndani ya maji hata ikiwa sehemu 0.1 tu katika bilioni. Mpishi hana shida nayo. Mwenye shida ni mashine.

Mashine yenyewe ni kromatografu ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya tungamo. Ya kwanza hutenganisha mvuke wa mchele katika viambajengo vyake. Ya pili huvipiga kwa elektroni, aghalabu zenye nishati ya elektroni-volti 70, vikavunjika kuwa ioni ambazo hupangwa kwa tungamo. Katika aina iliyoenea zaidi, ile ya kwadrupoli, ioni hupitishwa tungamo moja baada ya jingine, kama watu wapitao mlango mwembamba. Ndiyo maana mtafiti hulazimika kuamua mapema mlango ufunguliwe kwa nani. Akiamuru matungamo yote kuanzia 35 hadi 300 yapite kwa zamu, matungamo 266 yatagawana muda wa kila mzunguko. Akichagua matatu tu, tuseme 111, 83 na 43, kila moja litapata muda mrefu zaidi, na uwezo wa kuona kilicho kidogo utaongezeka mara kumi hadi mara mia. (Hiyo 43 ni shahidi dhaifu, kwa kuwa kampaundi nyingi huitoa.) Makala haya yanaita njia ya kwanza upekuzi kamili na ya pili ufuatiliaji wa ioni teule, istilahi bora zikipatikana, zipokelewe.

Gharama ya njia ya pili inafahamika vizuri kwa wanaisimu. Kinyakyusa, kama Kiswahili na tofauti na lugha nyingi za Kibantu, hakina toni ya kileksika. Mtafiti aliyefika Kyela na dodoso la toni peke yake angerudi na karatasi tupu, na utupu ule usingemwambia lugha hiyo ina nini. Ioni teule ni dodoso la namna hiyo. Ambacho hakikuulizwa hakirekodiwi, na sampuli ikishakwisha hakuna pa kurudia. Upekuzi kamili hufanana na kurekodi masimulizi: una kelele nyingi, na sauti ndogo humezwa, lakini spektra nzima hubaki na inaweza kulinganishwa na maktaba ya spektra hata baada ya miaka.

Basi ikiwa neno Kyela linadai mnukio tu, ioni teule zinatosha, mradi kuwe na kampaundi rejea kama trimethilipiridini, yenye tungamo la 121, na uwiano wa ioni ukaguliwe. Lakini kampaundi hiyohiyo imo katika basmati ya India na Pakistani, katika mchele wa Thailand, hata katika bisi. Mwaka 2005 ilibainishwa kuwa mnukio huo hutokana na hitilafu katika jeni moja, BADH2, na jeni husafiri na mbegu. Zaidi ya hayo, kampaundi hupungua mchele unapokaa ghalani. Kipimo cha ioni teule kikifanywa hakimu wa asili, mchele halisi wa Ipinda uliokaa miezi mingi ungeweza kukataliwa, na mchele mpya wa kwingineko ukapokewa. Hapo mkulima angedhulumiwa mara mbili.

Anayetafuta mahali hana budi kuanza na upekuzi kamili, kwa sampuli nyingi za mashamba na misimu tofauti, kabla ya kujua ni ioni zipi zifaazo kuteuliwa, kama zipo. Mashine za siku hizi huweza kupishanisha njia zote mbili katika mpito mmoja, ingawa muda ni uleule na hugawanywa.

Ng'ambo ya Songwe, wilayani Karonga nchini Malawi, mchele unaonukia hulimwa kando ya ziwa hilohilo na huuzwa kwa jina la Kilombero, bonde lililoko Morogoro. Ioni ya 111 ingetarajiwa kuonekana pande zote mbili za mto.