Injini ya Bro Iliyokula Ada Yangu

Leo siwaletei umbea wa mastaa. Leo ni wa nyumbani kwetu huku Kyela, na mhusika simtaji jina maana watu wa Itungi mkisoma mtamjua tu. Nitamwita Bro.

Mwaka 2017 namaliza form four, Bro alikuwa na Mark II GX100, ile yenye injini ya 1G lita 2.0. Gari ilikuwa inatembea vizuri tu, ila yeye alishapandwa na wazimu wa 1JZ tabo. Kwa msiojua: 1JZ nayo ni silinda sita, ila ni lita 2.5, na ile ya tabo Toyota wenyewe waliiandikia farasi 280. Halafu GX100 ni ndugu wa damu na JZX100 iliyotoka kiwandani na injini hiyo hiyo. Kwa hiyo Bro akasema, "Dogo, ni kutoa hii na kupachika ile. Miezi mitatu tu."

Mama alikuwa ameniwekea hela ya chuo, laki tisa, hela ya kakao. Bro akaiomba mkopo. Mama akaniangalia mimi. Nikasema sawa, kaka ni kaka.

Injini used ikaja kutoka Dar juu ya lori, ya zamani tukaishusha chini ya mwembe. Ile mpya ilikaa vizuri kabisa. Tatizo lilikuwa waya: zilikatwa hovyo huko zilikotoka, na kontrol boksi iliyokuja nayo haikuwa yake. Kuanzia hapo kila kitu kikawa kinadai mwenzake. Tabo inataka pampu kubwa ya mafuta, nguvu zinataka gia boksi nyingine, joto linataka rejeta nyingine. Tulipowasha mara ya kwanza 2019, ikachemsha mpaka silinda hedi ikapinda. Tukaanza upya.

Sasa kumbukeni, mwaka ule ule wa 2017 pale bandarini Itungi zilikamilika MV Ruvuma na MV Njombe, meli za mizigo za tani elfu moja kila moja, zimejengwa hapo hapo. Baadaye ikaja MV Mbeya II ya abiria. Vijana wakawa wanamtania Bro: "Watu wameshamaliza meli tatu, wewe gari moja bado iko juu ya mawe!" Kuku walikuwa wanatagia kwenye buti. Mimi nilicheka kuliko wote, ila haikuwa furaha. Wenzangu walishamaliza chuo, mimi nauza vocha na kujifunza kublog kwenye simu iliyopasuka kioo.

Kuna siku nilimtolea maneno mabaya mbele ya watu. Nikamwambia amekula maisha yangu. Hakujibu. Usiku akaniletea daftari lake la matumizi ya gari, kila boliti imeandikwa. Ukurasa wa kwanza kabisa, mstari wa kwanza: "Dogo, 900,000." Mistari mingine yote kaikata kwa peni. Huo hajaukata.

Mwezi uliopita, jioni moja, ikawaka. Ikawaka kweli! Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, anasema "ndaga, ndaga" kama vile amepokea mgeni. Tukaingia wawili tukaenda nayo mpaka Itungi, mimi macho yote kwenye mshale wa joto. Haukupanda. Tulipofika ziwani Bro akazima, kimya, tukawa tunasikia mawimbi tu. Kisha akasema, "Kuna mtu Mbeya anaitaka. Nikiuza, Januari unaenda chuo."

Wadau, hiyo sentensi nimeisubiri miaka yote hii. Na nilipoisikia nikakosa jibu. Niliangalia mikono yake, grisi imeingia kwenye kucha haitoki hata kwa sabuni. Asipokuwa na ile gari sijui atabaki na nini. Ila mimi nisipoenda sasa hivi, sijui nitaenda lini.

Mama nilimuuliza. Akanijibu, "Usimwonee huruma, wala usimkomoe. Chukua kilicho chako."

Mpaka leo sijamjibu Bro. Kila asubuhi anaiwasha dakika tano, anaisikiliza, anazima. Nadhani na yeye anasubiri.

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Niambieni ukweli, msinipambe.