"The fans here" siyo kuchapia, mwacheni dada wa watu

Leo ubuyu utakuwepo kidogo tu, sehemu kubwa ni ung'eng'e. Msikimbie.

Kuna staa mmoja wa kike hapa Bongo, jina kapuni. Alirudi kutoka kwenye shoo za nje, akaposti picha na kapsheni ya kimombo: "The fans here gave me life, the fans abroad gave me wings. The road ahead is long." Basi, hicho tu. Hata saa moja haijaisha, komenti zikaanza kumwagika. "Dada, adverb inaelezea verb, haikai nyuma ya noun, rudi shule." Mwingine, huyu ana followers wa kutosha na watu wanamwita ticha, akajitolea kumsahihisha. Eti ilitakiwa iwe "the here fans", au kama hataki hiyo, "the fans of here". Watu wakamwagia makopakopa. Skrinishoti ikatembea mpaka kwenye magrupu ya ukoo.

Dada akafuta posti. Wiki mbili baadaye meneja wake akaniambia kuna redio moja ya nje ilimtaka kwa mahojiano ya Kiingereza, akagoma. Kisa? Hataki kuchekwa tena. Mimi hapo ndipo nilipopandwa na hasira, maana kapsheni yake ilikuwa sahihi mwanzo mpaka mwisho, na aliyechapia ni ticha.

Najua kuna mtu anajiandaa kuniuliza wewe ni nani. Mimi nimeishia kidato cha nne, shule ya kata, ung'eng'e nimejiokotea mwenyewe kwenye muvi na kwenye simu. Ila kuokota kuna faida moja: unawasikia wenye lugha wanavyoongea kabla hujaletewa sheria.

Sheria yenyewe wote tuliikariri. Kielezi kinaelezea kitenzi, kivumishi, au kielezi kingine. Nomino haimo kwenye hiyo orodha. Kwa hiyo mtu akiona "here" imeganda nyuma ya "fans" anashtuka kama kaona nyoka chumbani. Lakini hebu niambieni, mmeshakaa kikao gani hapa mjini, cha harusi, cha vikoba, cha msiba, bila mtu kusimama na kuuliza "sasa way forward ni nini?" Hata mzee ambaye hajui neno lingine la Kiingereza hiyo anayo. "Way" ni nomino. "Forward" ni kielezi. Kimekaa nyuma yake miaka yote hiyo na hakuna aliyemwambia mzee arudi shule. London kwenye treni za chini ya ardhi kibao cha kutokea kimeandikwa "Way out". Mchezo ule ule.

Na wenye lugha wanaongea hivyo kutwa. "The people there." "The weather today." "The journey home." "The night before." "My life now." "The neighbours upstairs." Siyo Kiingereza cha mtaani wala cha kuombea maji, ni cha kila siku, nyumbani na ofisini.

Ukitaka kuhakikisha, chukua hiyo "The fans here gave me life". Toa kundi la mwanzo, weka "they". Utapata "They gave me life". Umeona "here" imeondoka pamoja na "fans"? Ina maana walikuwa kitu kimoja, "here" ilikuwa inatuambia ni mashabiki gani. Haikuwa na habari na "gave".

Sasa kwa nini sisi inatukwaza? Nadhani ni kwa sababu Kiswahili kina kile kidude cha katikati. Hatusemi "watu hapa" tukimaanisha wenyeji, tunasema watu WA hapa. Mkutano WA kesho, safari YA nyumbani, chakula CHA jana. Lazima kuwe na gundi. Mwingereza hatumii gundi hapo, anabandika kavu kavu: "the meeting tomorrow". Mtu wetu akifika hapo anahisi kuna kitu kimedondoka njiani, anakirudishia kwa "of", anapata "the people of here". Yaani anafikiri Kiswahili halafu anavalisha nguo za Kiingereza. Ajabu ni kwamba hapa lugha hizi mbili zinakaribiana, maelezo yanakuja nyuma ya nomino kote kote. Kilichotuharibia ni ile ya darasani kwamba Kiingereza kinatanguliza maelezo, "beautiful girl", "big house". Tukaibeba mpaka kwa "here".

Siyo kila kielezi kinaruhusiwa kukaa hapo lakini. Wanaokaa ni wa mahali, wa wakati na wa kuelekea: here, there, abroad, inside, yesterday, ahead, back, home. Wale wa namna, akina "quickly" na "loudly", jaribu uone. "The fans loudly"? Inasikika kama mtu kakatikiwa na bando.

Mwanangu mmoja aliyeko chuo alinionesha vitabu viwili vinene kweli. Kimoja ni cha 1985, A Comprehensive Grammar of the English Language, cha Randolph Quirk na wenzake watatu. Chenyewe kinasema wazi kwamba vielezi vya hivi vinaweza kufuata nomino. Cha pili ni cha 2002, cha Huddleston na Pullum, hao wamekwenda mbali zaidi, wanasema "here" na "abroad" hata siyo vielezi, wanaviweka kwenye kundi moja na akina "in" na "under". Kwa hiyo maprofesa wanabishana neno liitwe nani. Kwamba linakaa nyuma ya nomino, hapo hawana ugomvi. Ticha wetu alikuwa peke yake.

Kuna wachache wanaotangulia, na sisi watu wa ubuyu tuna mmoja tunayempenda sana: "her then boyfriend". Magazeti ya udaku ya Kiingereza yanaishi kwa hiyo "then", maana inakuambia mpenzi wa kipindi kile, sasa hivi hayupo, na wewe unajua kuna stori. Ukisema "her boyfriend then" ni sawa pia, ila ile ya kwanza ina kamchomo. "Upstairs" nayo inakaa pande zote mbili, "the upstairs neighbours" au "the neighbours upstairs". "Here" haina hiyo leseni. "The here fans" haipo, ticha, haipo.

Hatari yake ni kwamba kwa vile hakuna gundi, maana inaweza kuteleza. Mwezi uliopita nilitumiwa inbox na mtu anayeishi nje, kumhusu mchezaji mmoja wetu aliyeko huko, mume wa mtu. Aliandika kwa Kiingereza: "I saw him with the woman upstairs." Wadau, mikono ilinitetemeka. Alimwona huko juu akiwa na mwanamke, au alimwona na mwanamke anayekaa ghorofa ya juu? Kiswahili kingemaliza kazi kwa herufi mbili: na mwanamke juu, au na mwanamke WA juu. Hiyo ya kwanza ni habari ya wiki nzima na ndoa ya watu inaingia mtaroni. Kuna blogu ningewatajia zingeirusha dakika ile ile, zikiweka na emoji za moto.

Nikamrudia: "upstairs" hiyo ni ya nani, ya kuonana au ya huyo mwanamke? Akajibu kwa voisi, anacheka. Ni bibi wa ghorofa ya juu. Walikuwa wanagombana mlangoni, maji ya bafuni kwake yanavujia kwa mchezaji.